Tangi Likipanda Ukutani

Kisiwani kwao watu hawakuulizana ukoo. Waliulizana, "Wewe wa wapi? Wa tope, wa kamba, au wa kivuko?" Wa tope walifanya kazi kwenye dreja, ile meli pana, yenye sura mbaya jamani, inayofyonza mchanga chini ya bahari ili meli nyingine zipate njia. Wenyewe waliiita Fisi, kwa kuwa haichagui inachomeza. Wa kamba walikuwa watu wa tagi, boti fupi zenye nguvu zinazovuta meli kubwa mpaka bandarini ng'ambo. Na wa kivuko ni wa kivuko: asubuhi wanavusha watu, jioni wanarudisha watu, katikati wanagombana na watu.

Nyumba ya Mzee Taratibu ilikuwa na wote watatu, ndiyo maana haikuwahi kukosa kelele. Mtoto wa kwanza alikuwa nahodha wa tagi, akaitwa Kaka Kamba. Wa pili alishika bomba la kufyonzea kwenye dreja, akaitwa Kaka Tope, na jina hilo hakulipenda hata siku moja, lakini nani alimuuliza? Wa mwisho alikuwa binti. Kwa kuwa ni kitindamimba, walimwita Kitinda, wakamwita hivyo miaka yote mpaka likawa ndilo jina.

Kitinda ndiye aliyemfuata baba yake kwenye kivuko. Alianza kwa kukata tiketi, akahamia kufunga na kufungua kamba, akapanda hadi msaidizi wa nahodha. Baba yake alipostaafu, kampuni ikamleta nahodha wa kuazima kutoka ng'ambo, mtu mwenye pupa, kila akitia gati abiria wanaangukiana. Kampuni ikasema wazi: binti akifaulu mtihani wa unahodha, usukani ni wake. Akishindwa, yule wa kuazima habanduki tena. Usukani ule alikuwa ameushika babu, kisha Mzee, na mkaguzi wa mtihani hakuwa mtu wa kuja kila Jumatatu.

Hilo ndilo watu walilolijua. Lipo lingine Kitinda hakumwambia mtu. Mzee Taratibu alikuwa na neno lake: "Kwenye chombo, neno la nahodha halijibiwi, linatekelezwa." Alilisema hata nyumbani, mpaka Mama akamkata kauli: "Hapa si chombo, hapa ni jikoni kwangu, toa miguu." Lakini Mzee hakuwa mnafiki. Siku akipanda tagi la Kaka Kamba, yeye mwenyewe, mzee mzima na mvi zake, alimwita mwanawe "nahodha," na akiambiwa shika kamba, anashika. Kitinda alikuwa ameliona hilo tangu yuko mdogo. Alitaka siku moja baba yake amwite hivyo. Alilitaka kuliko mshahara, kuliko kofia, kuliko kitu chochote.

Sasa ili uelewe yaliyotokea, lazima uijue njia ya kuingilia kisiwani. Inapita katikati ya mafungu mawili ya mchanga, mahali wanapopaita Mlangoni. Maji yakijaa, hata kipofu anapita. Maji yakitoka, kunabaki mkondo mwembamba, na mchanga wenyewe hautulii: leo uko hapa, kesho umesogea. Kivuko kilikuwa na kioo cha ramani, ndiyo, lakini ramani yake ilichorwa zamani, na kuifuata kulikuwa sawa na kuomba ushauri kwa marehemu. Maboya yalikuwepo, ila wiki ile yalikuwa yameng'olewa kwa sababu Fisi alikuwa anachimba jirani, na bomba lake lingeyazoa.

Basi watu wa kivuko walipita kwa kutumia ukuta. Nyumba ya Mzee Taratibu ilikaa peke yake juu ya mteremko, na ukuta wa nyuma wa jiko ulitazama bahari. Ukuta huo ulikuwa mweupe pe. Juu zaidi, kilimani, lilikuwepo tangi la maji la kisiwa kizima. Nahodha akifika Mlangoni anatafuta vitu hivyo viwili. Tangi likiwa kulia kwa ukuta, amepotea kulia. Likiwa kushoto, amepotea kushoto. Tangi likipanda juu ya ukuta, hapo ndipo penye maji, apite. Dreja huchimba kwa kufuata mstari huo huo, na hata mchanga ukihama vipi, mkondo unarudishwa pale pale. Kila mwaka Mzee aliupaka ukuta ule chokaa nyeupe kwa mkono wake, na hakuruhusu mtu mwingine aguse brashi.

Jambo la mwisho, nalo ni la aibu. Kisiwani kulikuwa na mchezo mmoja wa kikatili: chombo kikisimama Mlangoni, wanawake walioko ufukweni wanachukua sufuria na miiko, wanapiga. Ka-ka-ka-ka! Maana yake, nahodha ameogopa. Nahodha aliyepigiwa sufuria alikuwa hajui aweke wapi uso wake, na wapo walioamua heri wakwame kuliko wapigiwe. Kaka Kamba alikuwa mmoja wao. Zamani naye alifanya mtihani wa kivuko, akafika Mlangoni, hakusimama, akaenda kupanda fungu la mchanga mchana kweupe, na mkaguzi juu. Baada ya hapo ndipo alipohamia kwenye tagi. Nyumbani hilo halikutajwa, hasa wakati wa kula.

Jioni ya kuamkia mtihani, Mama alikuwa anapiga pasi shati jeupe la Mzee, lile la sherehe. Mzee akaingia jikoni ananuka rangi, mikono ameivingirisha kwenye tambara.

"Mikono umeificha ya nini?" Mama akauliza.

"Ni yangu, nimeiazima kwa mtu?"

"Huyu baba yenu," Mama akamwambia Kitinda, "kutwa nzima yuko nyuma ya jiko na makopo yake. Nikisogea, ananifukuza. Eti rangi mbichi. Kwani mimi ng'ombe, nitaenda kujikuna ukutani?"

Mzee akacheka, akakaa, akavuta birika kwa tambara hilo hilo ajimiminie chai. Chai ikaenda kando ya kikombe, ikatambaa mezani mpaka kwenye mapaja yake.

"Taa hii hafifu," alisema.

Taa ilikuwa mpya. Kitinda akachukua kitambaa akafuta, akadhani baba ana wasiwasi wa mtihani kama alivyokuwa nao yeye. Mzee akampapasa bega, akalipata.

"Nimekuandalia zawadi, mwanangu. Kesho ukifika Mlangoni utaiona. Hutahitaji hata darubini, itakurukia machoni."

Kitinda alilala na furaha hiyo. Alfajiri akavuka ng'ambo kama abiria, maji yamejaa, giza bado, na muda wote alikuwa chini kwenye injini akibishana na fundi kuhusu mkanda uliokuwa unalialia. Hakugeuka kutazama nyumbani. Angegeuka angeona nini, gizani?

Mkaguzi alipanda saa za mchana, mtu mwembamba, mwavuli mkononi, peremende shavuni. Alisalimia, akakaa kwenye kiti cha pembeni ndani ya chumba cha usukani, akanyamaza. Hakuna kitu kinachotisha kama mkaguzi mwenye adabu. Chini, abiria walikuwa wanajipanga na mizigo yao, na Mama Mayai, anayevuka kila siku na trei zake za mayai, alipomwona Kitinda dirishani akaweka mikono kiunoni.

"Leo ni wewe? Haya! Nina mayai hapa. Likipasuka hata moja, huo mtihani nakusahihishia mimi."

"Shikilia mayai yako, mama. Mimi nitashikilia kivuko."

Abiria wakacheka. Kitinda akaagiza kamba zifunguliwe, akapiga honi, akaondoka gatini taratibu kama alivyofundishwa. Kati ya bahari mambo yalikuwa safi. Meli ya makontena ilipita, akaipisha inavyotakiwa. Mkaguzi aliuliza maswali mawili matatu, akajibiwa, akaandika. Upepo ulikuwa wa wastani. Kitinda akaanza hata kuonja raha, akajisemea moyoni, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Wakafika Mlangoni. Maji yalikuwa yanatoka, yanakuja usoni pao kwa nguvu, na pande zote mbili mchanga ulikuwa umeanza kuonyesha mgongo. Kitinda akainua macho atafute ukuta.

Tangi akaliona, nene, la kijivu, liko kilimani pake. Akashusha macho chini yake. Miti. Miti. Bati la nyumba yao akaliona. Chini ya bati, miti tena. Akapepesa macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba ukuta unaweza kwenda matembezi. Hakuna.

Akachukua darubini.

Ukuta ulikuwepo. Ulikuwa wa kijani. Kijani ya tagi, ile rangi aliyoileta Kaka Kamba nyumbani ilipobaki kazini, akaiweka stoo karibu na kopo jeupe. Na ulikuwa umepakwa vizuri mno, kona mpaka kona, hakuna palipoachwa, umelingana na majani ya nyuma yake mpaka umepotea humo. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeifanya kwa moyo wote.

Kitinda akaiona tena chai ya jana jioni inatambaa mezani. Akakumbuka jinsi Mzee alivyoacha kusoma gazeti, akisema siku hizi ni uongo mtupu. Akakumbuka alivyoanza kutembea ameshika bega la Mama, na kisiwa kizima kikacheka kwamba mapenzi yamerudi uzeeni. Hata yeye alicheka. Kumbe! Baba haoni. Haoni, na amekaa kimya, na kwa upendo wake amemfutia binti yake njia.

Alitaka kulia. Usimcheke, ungekuwa wewe ungelia. Lakini kivuko kilikuwa kinasogea, na kila akichelewa kuamua kilikuwa kinaamua chenyewe. Akainamia bomba la kuongelea na injini.

"Fundi, punguza. Nipe mwendo wa kushindana na maji tu. Tukae hapa hapa."

"Hapa hapa wapi?"

"Hapa hapa tulipo!"

"Mlangoni? Kitinda, umechanganyikiwa? Watatupigia sufuria!"

"Wapige. Punguza."

Injini ikashusha sauti. Kivuko kikasimama juu ya maji yanayokimbia, hakiendi mbele, hakirudi nyuma, na Kitinda anakichezea usukani kidogo kidogo kisipinduliwe ubavu na upepo. Mkaguzi akahamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile.

"Mbona umesimama?"

"Sioni ukuta, bwana mkaguzi."

"Ukuta upi?"

"Wa kwetu. Ndiyo alama ya chini. Tangi ninaliona, lakini alama moja haikuonyeshi njia. Siingii mpaka nipate mbili."

"Na usipozipata?"

"Nitageuza, nirudishe watu ng'ambo wakiwa salama."

Mkaguzi akaandika. Akiwa bado anaandika, ikafika kutoka ufukweni: ka-ka-ka-ka! Sufuria moja, kisha mbili, kisha ufukwe mzima. Abiria nao wakaanza. Mmoja anasema mtoto wa kike huyo, mwingine anasema nilijua, wa tatu anauliza kama kuna maboya ya kuvaa. Masikio ya Kitinda yaliwaka moto. Angekuwa na pa kujificha angejificha, lakini mikono ilikuwa kwenye usukani.

Tagi likatokea nyuma, povu limejaa mbele yake. Kaka Kamba alikuwa anarudi kutoka bandarini. Akalisogeza ubavuni, akatoa kichwa dirishani.

"Kitinda! Una nini? Injini?"

"Tazama nyumbani!"

Akatazama. Akatazama tena. "Ala! Ukuta uko wapi?"

"Umepakwa," Kitinda akasema, uchungu ukimtoka. "Kwa rangi yako ya tagi."

Kaka Kamba hakuelewa, na haukuwa wakati wa kuelewa. "Nikurushie kamba nikuvute?"

"Ukinivuta, mtihani ni wako."

"Basi ingia! Unaijua njia hii tangu unanyonya! Kata kulia kidogo, kulia tu, unapita! Unasikia sufuria hizo? Maji yanaisha, Kitinda! Ingia!"

Na hapo, niseme ukweli, nusura aukate usukani kulia. Maji kweli yalikuwa yanaisha. Akisubiri sana, hata ukuta ukirudi hatapita, itakuwa kugeuza, na kugeuza ni kufeli, hakuna mtihani wa nusu. Kulia kidogo tu. Kila mtu alikuwa anamwambia aende. Chini yake kulikuwa na abiria wamejaa na watoto mgongoni, na trei za mayai.

"Kaka," akasema, "wewe uliingia. Ulifika wapi?"

Swali lilimchoma Kaka Kamba, na alistahili. Kitinda akashika kamba ya honi akaivuta, mlio mrefu, akaivuta tena, na tena. Hakuwa anamjibu mwenye sufuria. Alikuwa anaita nyumbani.

Kisha akaweka darubini machoni, mkono mmoja usukani, akangoja.

Aliona kona ya nyumba. Akamwona Mama ametokea, sufuria mkononi, mwiko mkononi! Naye alikuwa anakuja kumpigia huyo mjinga aliyesimama! Mama akaitazama bahari. Akakitambua kivuko. Mwiko ukashuka. Akageuka polepole akautazama ukuta, na Kitinda akaiona mikono ya mama yake ikipanda kichwani, sufuria na mwiko vikabingirika kwenye mteremko.

"Mama," Kitinda akanong'ona, "fikiri, mama. Fikiri haraka."

Mama alishapotea ndani. Akarudi anakimbia, na wifi yake Kitinda, mke wa Kaka Kamba, nyuma yake, wamekumbatia mashuka. Mashuka ya wageni, jamani, yale yasiyotandikwa hata kwa mgonjwa. Wakapanda vigoda. Wakalitandaza shuka la kwanza ukutani, upepo ukalikunja. Wakalishika tena, likawafunika vichwa. Wifi akaliegemea kwa mgongo, mikono ameitanua. Mama akaegemea upande mwingine. Katikati shuka likawa linavimba na kuchomoka, na ukuta ukawa unaonekana, unapotea, unaonekana.

"Anahitajika mtu wa tatu," mkaguzi akasema. Kitinda hakujua kwamba mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yake.

Mtu wa tatu akatokea konani. Alivaa shati jeupe la sherehe, lililopigwa pasi. Alikuwa anakuja kwa kupapasa, kiganja ukutani, hatua baada ya hatua, mpaka Mama alipomdaka mkono na kumwekea pindo la shuka. Mzee Taratibu akalishika. Akasogea katikati, akageuza uso baharini, akaegemea, akatanua mikono yake yote miwili kadiri ilivyofika.

Ukuta ukawa mweupe.

"Loo," fundi akasema kwenye bomba, maana naye alikuwa amechungulia.

Na tangi lilikuwa wapi? Tangi lilikuwa kulia kwa ukuta. Kulia kabisa! Wakati wanabishana, upepo ulikuwa umewasogeza. Angekata kulia kama alivyoambiwa, sasa hivi wangekuwa wanahesabu kaa mchangani. Kaka Kamba naye aliliona hilo kutoka tagini. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Fundi," Kitinda akasema, "nipe nusu mwendo."

"Nusu unayo!"

Akakata kushoto. Tangi likaanza kutembea. Likasogea, likafika ukingo wa ukuta, likapanda. Akarudisha usukani. Tangi limekaa juu ya baba yake, sawasawa, na Kitinda akaingia. Mchanga wa njano ukapita kulia, mchanga wa njano ukapita kushoto, karibu mpaka abiria wakanyamaza na Mama Mayai akakumbatia trei. Chini ya kivuko maji yalikuwa meusi, yenye kina, njia ile ile aliyoichimba Kaka Tope na wenzake. Hakikugusa popote. Kikatoka upande wa pili kwenye maji mapana ya kisiwa.

Sufuria zilikuwa zimenyamaza. Kisha moja ikapigwa, si ile ka-ka-ka ya dharau, bali kwa mdundo, na nyingine ikaitikia, na ufukwe wote ukalipuka vigelegele. Tagi likapiga honi. Kutoka kule mbali alikokuwa anachimba, Fisi naye akapiga yake, nzito, ya kukoroma, na ni nadra sana Fisi kupiga honi kwa ajili ya mtu. Kitinda alicheka huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Alitia gati kwa upole, kamba ikafungwa watu wakiwa hawajajua kwamba wamefika. Mama Mayai akafunua trei moja moja mbele ya watu.

"Mazima!" akatangaza. "Yote mazima! Yule wa kuazima mwambieni afungashe!"

Mkaguzi alikunja mwavuli ambao hakuwahi kuukunjua.

"Kaka yako nilimkagua mimi," alisema. "Pale pale. Siku ile jua lilimpiga machoni, ukuta wenu hakuuona, akaona aibu kusimama. Leo nilikuwa nataka nione tu kama nyumba nzima mna ugonjwa mmoja." Akampa mkono. "Hongera, nahodha."

Lilikuwa neno tamu. Lakini halikutoka kwenye mdomo aliokuwa anaungojea, na Kitinda alishaanza kuangalia njia inayoshuka kutoka nyumbani.

Walikuja wote watatu, Wifi mbele, Mama nyuma amemshika Mzee mkono, na watu wakawapisha. Mzee alipanda kivuko bila kujikwaa, maana ubao ule aliujua kwa miguu. Vidole vyake vilikuwa vya kijani mpaka kwenye kucha. Kaka Kamba akaruka kutoka tagini, akaja, akasimama hajui aanzie wapi.

"Mwanangu," Mzee akasema, uso ukitazama pembeni kidogo ya mahali Kitinda alipokuwa. "Nimesikia umepita."

"Nimepita, baba."

"Ukuta uliuona?"

Mama akamfinya Kitinda kiuno. Kaka Kamba akadakia haraka, "Mweupe, mzee! Mweupe mpaka unaumiza macho!"

Mzee akatabasamu. "Wewe nyamaza. Ukuta mweupe hauvalishwi shuka. Tangu mama yenu aliponishikisha lile pindo nimeshajua. Nilikuwa nangoja nisikie nani ataniambia. Kitinda. Nimeupaka rangi gani?"

Kitinda akamshika mikono yote miwili, na vidole vyake vya kijani.

"Kijani, baba. Ya tagi."

"Lahaula," Mzee akasema. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakaogopa analia, kumbe ni kicheko, kisha kikawa kicheko na kilio pamoja. "Yaani nimekupakia rangi ya kaka yako! Niliogopa kuwaambia. Niliogopa mtaniweka kibarazani kama mtungi uliopasuka. Nikakuzibia njia, mwanangu. Siku yako."

"Uliizibua mwenyewe. Tangi lilipanda juu yako, nikapita."

"Hata hivyo."

"Kesho safari ya kwanza unavuka," Kitinda akasema. "Unakwenda ng'ambo kwa daktari wa macho."

Mzee akavuta mikono yake. "Kesho? A-a. Kwanza nipake ule ukuta upya. Halafu macho yangu hayana neno, ni ukungu tu, ukungu unaondoka wenyewe. Daktari ataniambia nini? Mama yenu nimemzungusha mwaka mzima, sembuse daktari. Siendi."

"Ukuta watapaka Kaka na Wifi, na Mama atawafungulia kopo. Wewe unavuka."

"Nani anasema?"

Kitinda akanyoosha mgongo. Sufuria bado zilikuwa zinapigwa ufukweni, ila kwenye sitaha wote, hadi Mama Mayai, walijua wamesimama wapi na neno gani linakuja.

"Uko kwenye chombo changu, baba. Nahodha anasema."

Taratibu, kwa ule utaratibu wake uliompa jina, Mzee akaunganisha visigino. Akavuta shati likakaa sawa. Akainua mkono wake wa kijani mpaka kwenye paji la uso, na macho yale yasiyoona yakamtafuta binti yake, yakampata.

"Ndiyo, nahodha," akasema.